Mama Mwenye Birika

Ukitaka kuijua malwa, pombe ya ulezi, wahi kabla ya wanywaji. Saa kumi alasiri, kwenye kilabu cha Naguru, Kireka au Kamwokya, chungu kikubwa cha udongo kimeshawekwa katikati ya duara la viti vya plastiki, na ndani yake hamna pombe. Mna tope la kahawia lililofika karibu na shingo ya chungu, zito kiasi cha kusimamisha mwiko, lenye harufu ya mkate ulioungua ukingoni na uchachu kwa mbali. Vipovu vinapasuka juu yake kimoja kimoja. Tope hilo limekula karibu wiki mbili za kazi ya mikono, na bado halinyweki. Wa kulifanya linyweke yuko uani, anapepea makaa chini ya sufuria ya maji.

Kampala haina upungufu wa mahali pa kukatia kiu. Kampuni ya Uganda Breweries, iliyoanzishwa mwaka 1946, inatengeneza bia kando ya ziwa huko Luzira, mtaa wa Kabalagala haulali, na anayetaka pombe ya ndizi, tonto, ataipata. Lakini vinywaji hivyo vyote humfikia mnywaji vikiwa vimekwisha kutengenezwa. Malwa inamaliziwa mbele ya macho yake, kidogo kidogo, kwa saa nne au tano, na anayeimalizia ni yule yule aliyeianza. Kwangu mimi basi, jioni ya malwa ni ufundi kwanza, starehe baadaye, na fundi wake anastahili kutazamwa bila haraka.

Mafundi hawa wengi ni wanawake, na wengi wao asili yao ni Teso, mashariki mwa Uganda: Soroti, Kumi, Ngora, Serere, Katakwi. Huko pombe hii huitwa ajon. Wengine walikuja mjini wakiwafuata waume walioajiriwa polisi au jeshini, wengine walikimbia vita na wizi wa ng'ombe wa mwisho wa miaka ya 1980. Wanywaji humwita kila mmoja wao Toto, yaani mama kwa Kiteso, hata wale Waganda na Wanyankole ambao Kiteso chao kinaishia hapo hapo. Nami nitamwita hivyo.

Kazi inaanza na ulezi, nafaka ambayo Wakenya huiita wimbi. Punje yake haizidi milimita mbili, na wataalamu wa mimea wanaamini ilianza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda maelfu ya miaka iliyopita. Huvunwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo, kazi ya kuvunja mgongo. Ila adha hiyo ina malipo yake: punje ndogo namna hiyo wadudu hawaihangaikii, na ulezi uliokaushwa vizuri hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa. Toto akienda kununua soko la Owino hatazami rangi ya gunia. Huingiza mkono mpaka kiwiko, hutoa konzi kutoka chini, hupuliza, hutafuna. Anatafuta mchanga kwanza, maana ulezi hupurwa juu ya ardhi na muuzaji hana haraka ya kuupepeta. Halafu anatafuta uhai. Sehemu ya ulezi huo ni lazima iote, na nafaka iliyowahi kupata joto gunia likiwa limefungwa haitaota hata uibembeleze vipi.

Gunia hugawanywa mafungu mawili, na hapo ndipo ilipo akili yote ya malwa.

Fungu kubwa husagwa. Unga hukandwa kwa maji machache uwe donge gumu, halafu hushindiliwa shimoni juu ya majani ya mgomba, au ndani ya pipa la plastiki kwa Toto wa mjini asiye na ua wa kuchimba, ukafunikwa na kuachwa kama wiki nzima. Bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa huingia kazini, na donge linachacha. Likifukuliwa, jirani wa nyumba ya pili anajua. Kisha inafuata siku ya kukaanga, siku ngumu kuliko zote. Bati pana, mara nyingi pipa la mafuta lililopasuliwa katikati, huwekwa juu ya moto wa kuni. Donge hubomolewa humo na kugeuzwa kwa koleo, bila kupumzika, mpaka liwe chenga za kahawia. Kuna moshi, kuna mvuke mkali unaoingia machoni, na juu ya hayo jua la saa sita. Ukiacha kugeuza kwa muda wa kufuta jasho, upande mmoja umeungua na chungu kizima kitakuwa na ladha ya majivu. Ukiuogopa moto, chenga zitabaki mbichi ndani, na pombe itatoka imepauka, bila ule utamu wa kuungua kwa mbali ambao ndio watu wanaoufuata.

Hakuna saa wala kipimajoto. Toto anasikiliza. Donge bichi likigusa bati hulia kwa mvuke. Likianza kukauka kilio kinakuwa mkwaruzo. Zikiiva, chenga hutoa mchakacho wa changarawe inayomwagwa kwenye karai. Mchakacho huo ukianza, kuni zinavutwa nje mara moja, kabla jicho la mgeni halijaona tofauti yoyote ya rangi. Mwanakemia angeeleza kwamba moto umeuivisha wanga ili usiwe mgumu kugeuzwa sukari, umewaua bakteria wengi wa uchachu waliomaliza kazi yao, na umeleta rangi na harufu kwa njia ile ile inayotia rangi ganda la mkate. Toto hutoa maelezo mafupi zaidi: zimeiva. Anazianika juani, na zikikauka barabara anaweza kuziweka akiba mpaka atakapozihitaji. Ni bia kavu ya kuweka kwenye gunia, isiyovunjika ikidondoka, na unayoweza kupanda nayo basi.

Fungu dogo linakuwa kimea. Ulezi hulowekwa usiku kucha, humwagwa maji, hufunikwa kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka utoe vijimizizi vyeupe. Mbegu inayoamka hutengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga wake kuwa sukari, ili mche upate chakula. Toto anauacha uamke kiasi cha kuvitengeneza vimeng'enya hivyo, halafu anauanika kabla mche haujaila sukari yake. Kuchelewa nusu siku ni hasara. Watengenezaji wa bia wa Bavaria hufanya jambo lile lile kwa shayiri, kwa mashine za kupima unyevu na joto. Kanuni haijabadilika, kilichobadilika ni nani anaangalia. Kimea kilichokauka husagwa, na pamoja nacho inakuja chachu ya asili iliyokuwa juu ya punje, kwa hiyo hakuna anayekwenda dukani kununua hamira.

Chenga, kimea na maji hukutana chunguni kwa siku mbili hadi nne, kutegemea baridi. Hapa tena sikio ndilo linaloamua. Chungu kinachochemka kwa kelele bado. Kinachonong'ona kiko tayari. Kilichonyamaza kimechelewa, na kesho kitakuwa siki. Bia ya chupa ina maua machungu ya hopsi yanayoisaidia isiharibike. Malwa haina mlinzi huyo, na lazima inywewe ikiwa hai. Ndiyo maana Toto huhesabu siku kurudi nyuma. Kikundi kinakutana Jumamosi, basi achanganye Jumatano, na wiki mvua ikigoma kuacha, Jumanne.

Saa kumi na mbili wanywaji wanaanza kufika. Fundi bodaboda amekaa karibu na karani wa wizara, polisi aliyevua sare karibu na mwalimu mstaafu. Maongezi ni Kiteso, Kiganda na kile Kiswahili cha kambini kilicholelewa na jeshi na polisi wa Uganda, kifupi, kikavu, kisichojali ngeli. Kila mmoja ana mrija wake, wa urefu wa mita moja mpaka mbili. Mrija mzuri ni wa mmea wenye uwazi ndani, ulionyooshwa na kukaushwa. Siku hizi wa plastiki umejaa, mwepesi kuosha, mbaya kutazama. Ufundi wa mrija uko kwenye ncha inayozama: kichungi kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba, kinene kama kidole. Msuko ukilegea, mdomo unajaa chenga. Ukibana, mashavu yanauma kabla ya saa mbili. Mwenye mrija wake humwachia Toto autundike ukutani, au hurudi nao nyumbani kwenye ala ya kitambaa. Kuazima mrija wa mtu ni jambo ambalo halifanywi.

Na sasa birika. Maji ya kwanza humiminwa polepole kuzunguka ukingo, yakashuka yenyewe mpaka chini, na hakuna anayegusa. Toto anaonja, anasubiri, anaonja tena. Ndipo mirija inapoingia, kumi, kumi na tano, ikielekea katikati, na kwa dakika chache za mwanzo hakuna anayesema neno la maana.

Kuanzia hapo mtazame Toto, achana na chungu. Anapita na birika nyuma ya viti, anazungumza na huyu, anamcheka yule, na macho yake yako mashavuni mwa watu. Kimiminika kikishuka, mrija wenye kichungi kilichokaa juu zaidi huvuta hewa na kutoa sauti ya kukoroma. Yeye ameshafika kabla ya sauti ya pili. Humimina mahali panapokauka, kwa mkondo mwembamba, ili chenga zilizotulia zisivurugwe zikaziba vichungi. Akizidisha maji, wataanza kulalamika kwamba leo wameletewa chai. Akiyabana, pombe itakuwa kali, itawapanda haraka, na saa mbili usiku watu watakuwa wameshika kola za mashati. Kila birika linazimua kile kilichobaki na papo hapo kuusukuma utamu uliojificha ndani ya chenga utoke. Kwa hiyo anachokigawa Toto ni mwendo wa jioni yenyewe. Kama baraza la mawaziri lingeniachia kiti kimoja nimpe mtu, wizara ya maji ningeijua pa kuipeleka.

Matokeo yake ni kitu ambacho bia ya chupa haiwezi. Kwenye baa, chupa ya mwisho ina nguvu sawa na ya kwanza, na inamkuta mtu akiwa dhaifu zaidi. Chungu cha malwa huanza kikali na kumalizika chepesi. Kufikia saa nne, watu wanavuta maji ya uvuguvugu yenye kumbukumbu ya ulezi, mabishano yamepoa, na wengi wanaweza kuikumbuka njia ya nyumbani. Sisemi hakuna wanaolewa. Wapo, na wengine hulewa sana, hasa wanaochanganya na pombe kali ya waragi. Lakini mtengenezaji wa vile vipakiti vya pombe kali ambavyo Uganda ilivipiga marufuku mwaka 2019 hakuwahi kusimama nyuma ya mnywaji wake akitazama mashavu yake.

Vikundi vingi vya malwa vina mwenyekiti, katibu na mhazini. Vina daftari la michango, faini kwa mchelewaji na mtukanaji, na mfuko wa msiba. Mwanachama akifiwa, chungu kinasimama na matanga yanahesabiwa. Mjerumani akiletwa hapa hatahitaji mkalimani. Kwao kuna Stammtisch, meza ya wateja wa kudumu ambayo mgeni haikalii bila kualikwa, wanaume na wanawake wale wale, siku ile ile, miaka nenda miaka rudi. Na pale Hofbräuhaus mjini München, ukumbi wa kiwanda cha bia kilichoanzishwa na mtawala wa Bavaria mwaka 1589, wateja wa kudumu huweka vikombe vyao kwenye vijikabati vya chuma vyenye kufuli. Mrija ukutani Kireka na kikombe nyuma ya kufuli la München vina kazi moja. Wajerumani pia wana amri yao ya Aprili 1516, iliyotolewa Ingolstadt, kwamba bia ya Bavaria iwe ya shayiri, hopsi na maji tu. Chachu haikutajwa. Toto naye haitaji chachu, na chungu chake kina ulezi na maji, basi. Kwa hesabu hiyo amewazidi kwa kitu kimoja.

Tofauti iko kwenye kukaa. Meza ndefu ya ukumbi wa bia inamwacha mtu aondoke na kikombe chake akikasirika. Kwenye malwa, mdomo wako umefungwa kwenye chungu kwa mrija, na adui yako anavuta kutoka chungu hicho hicho. Utamsikiliza utake usitake. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa upande wa Kenya, aliandika mwaka 1980 juu ya unywaji huu kama namna ya watu kuishi pamoja, na sheria zake ndogondogo hakuzidharau. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Mgeni wa mjini huishangaa sheria hiyo mpaka aambiwe mara moja, kwa upole, na mtu asiyemfahamu, na mara ya pili bila upole.

Na mrija wenyewe ni wa kale kuliko mipaka yetu yote. Leonard Woolley alipochimba makaburi ya Ur, kusini mwa Iraki, katika miaka ya 1920, kwenye kaburi la malkia Puabi alikuta mirija ya kunywea ya dhahabu na fedha, ya kama miaka 4,500 iliyopita, na michoro ya mihuri ya enzi hiyo inaonyesha watu wameketi kuzunguka chungu wakivuta. Dhahabu ni mbwembwe. Kichungi cha kusuka kingewafaa zaidi.

Viwanda vimeshausoma ufundi huu kwa namna yao. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Jinja ilileta bia ya Eagle, iliyotengenezwa kwa mtama wa Epuripur uliozalishwa kituo cha utafiti cha Serere, huko huko Teso, na wakulima wengi wakapata soko. Ni bia nzuri kwa bei yake, na siwezi kuwanung'unikia wakulima. Ila mtama ule hukabidhiwa mizani, na hapo uhusiano wa mkulima na mnywaji unakatika.

Machi 2020 korona iliingia, na baa zote zikafungwa. Chungu kimoja chenye mirija kumi na tano kilikuwa picha kamili ya kila kilichokatazwa. Baa zilikaa zimefungwa rasmi mpaka Januari 24, 2022, karibu miaka miwili. Katika muda huo Toto mmoja niliyezungumza naye alikuwa akiuza mkaa na nyanya. Chenga zake za mwisho alizihifadhi kwenye mapipa yenye vifuniko, na mara kwa mara alizianika upya, ingawa hakuwa na wa kumwuzia. Nilimwuliza kwa nini hakuziuza kwa wafuga kuku akapata chochote. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze mashine ya kushonea. Kilabu kilipofunguliwa alihitaji kuotesha kimea tu; wiki ile ile alikuwa na chungu, na wenzake walioanza na unga mbichi walimtumia wateja.

Saa tano usiku birika linawekwa chini, wa mwisho wanasuuza mirija kwa maji ya moto, wanaipuliza na kuikabidhi. Hesabu inafanywa kwa sauti kubwa ili aliyelewa asikie deni lake. Kilichobaki chunguni ni machicha, chenga zilizonyonywa mpaka hazina rangi, na hizo nazo zina mwenyewe. Alfajiri mfuga nguruwe anafika na pikipiki yenye ndoo mbili kila upande. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe milioni 3.2 nchini Uganda, na wa huyu bwana, kwa maelezo yake, hawali pumba wakishaonja machicha. Toto anamwambia bei imepanda. Mfugaji anasema Jumamosi iliyopita ndoo ilikuwa nusu ya hiyo. Toto anamjibu kwamba Jumamosi iliyopita nguruwe wake ndio waliokaangwa pale mlangoni, kilo moja kwa bei ambayo hata mwenyekiti alipiga mluzi, na yeye hakupunguza hata shilingi. Wanabishana mpaka mwadhini anamaliza, ndoo zinajazwa, na deni linaandikwa kwenye daftari lile lile la wanywaji, ukurasa wa nyuma.